Geti la urijansi lisibomolewe kila mlipuko wa ugonjwa ukiisha (Goma)

Infirmie_wa_Gadi (Goma)

Jambo yenu wote. Mi ni infirmie (muuguzi), niko urijansi, pale wagonjwa wa dharura wanapokelewa, hapa Goma, hospitali sitaitaja. Naandika juu wiki hii nimeona tena wanashusha ile tenti ya mlangoni, bidoni za maji zimeingizwa depo, na kijana wa termoflashi, kile kipimo cha joto, ameambiwa mkataba umeisha, arudi nyumbani. Kila mara inakuwaka hivyo. Ugonjwa unakuja, tenti inapandishwa, ugonjwa unatangazwa umeisha, tenti inashuka, na sisi tunabaki na mlango mmoja na benchi moja, watu wote wanakaa pale pamoja, mwenye kuhara, mwenye kukohoa, mama mwenye uchungu wa kuzaa, mtoto aliyeungua na uji. Nataka tuzungumze vizuri namna urijansi inajibadilisha mlipuko ukija, na kwa nini nasema kuna kipande kimoja cha yale mabadiliko hakitakiwi kuondoka ata siku moja, nacho ni geti, yaani pale mlangoni ambapo mgonjwa anaulizwa na kutenganishwa kabla hajaingia ndani.

Muelewe kwanza, urijansi si kama sale zingine. Kule ndani mgonjwa ameshapimwa, ana fishi, inajulikana anatibiwa nini. Kwetu mtu anaingia bila jina la ugonjwa. Homa ni homa tu. Inaweza kuwa malaria, tifoidi, surua, Covid, na tangu Agosti 2018 kila mtu wa Nord-Kivu anajua inaweza kuwa Ebola. Kama unamwingiza kwanza, unamlaza katikati ya wengine, halafu njo unaanza kuuliza anatoka wapi na ameanza lini, basi wale wote waliolala karibu yake umeshawaandikia ugonjwa wake.

Na hii si mambo ya hospitali maskini peke yake. Seoul, Korea ya Kusini, mwaka 2015, wakati wa MERS, ugonjwa wa kifua wa kuambukiza, mgonjwa mmoja alikaa urijansi ya Samsung Medical Center tangu 27 mpaka 29 Mei, hakuna aliyejua ana nini. Hospitali kubwa, ya kisasa, mashine zote. Watu 82 wakaambukizwa kutoka kwake. Sasa sikilizeni vile wanagawanyika: wagonjwa 33, wafanyakazi wa hospitali 8, na wale waliobaki, 41, walikuwa ndugu na wageni waliokuja kulinda mgonjwa ao kumtazama tu. Nusu nzima! Mimi niliposoma ile hesabu niliangalia koridoo yetu saa ya jioni, vile mama wanakuja na sahani za fufu na sombe, wengine wanatandika kitenge chini ya kitanda cha mgonjwa wanalala pale, nikasema hii ingekuwa hapa tungehesabu mpaka tuchoke. Wakorea baada ya pale walibadilisha urijansi zao: wenye homa na kifua wanatengwa kabla ya kuingia, ndugu wanapunguzwa, vyumba vya mtu mmoja mmoja vinajengwa. Covid ilipofika 2020 ilikuta ile kazi imeshafanyika.

Sisi nasi tulipata somo letu. 14 Julai 2019, ule mchungaji aliyetoka Butembo na basi, mgonjwa wa kwanza wa Ebola kuonekana Goma. Alienda kituo cha afya, wakamshuku haraka, akapelekwa kwenye kituo cha matibabu ya Ebola siku ile ile. Siku tatu baadaye, 17 Julai, OMS, shirika la afya la dunia, ikatangaza hali ya dharura ya dunia nzima. Mji wa watu kama hawa wote, mpaka uko pale pale, Gisenyi ya Rwanda unavuka na miguu, na Ebola ndani ya Goma ikaishia kwa wagonjwa wanne. Chanjo ilisaidia sana, kutafuta waliomgusa mgonjwa ilisaidia sana, lakini kule kumshuku mgonjwa mapema, pale alipofika tu, nako kulisaidia sana.

Geti likifanya kazi vizuri linakuwa hivi. Nje, chini ya paa, hewa inapita. Maji ya klori ya kunawa mikono. Termoflashi kwenye paji la uso. Mtu anasimama mbali kidogo na mgonjwa, kuna kamba ao meza katikati, anauliza: homa tangu lini, unakohoa, unatapika, kuna damu inatoka, umetoka wapi hizi wiki tatu, kuna mgonjwa ao kilio nyumbani kwenu? Wiki tatu juu Ebola inaweza kujificha mwilini mpaka siku 21. Akimaliza, njia ni mbili, na zimechorwa rangi chini ili mtu asiyejua kusoma naye ajue: moja inaenda urijansi ya kawaida, nyingine inaenda pembeni, kwenye chumba chenye choo chake na mlango wake, ambako infirmie wa chumba kile harudii upande wa pili mpaka gadi (zamu) yake iishe. Ndugu mmoja kwa kila mgonjwa, basi. Hakuna mashine kubwa hapo, hakuna kitu cha kuagiza Ulaya.

Na yote haya wameyaondoa tena.

MamaNeema_Katindo (Goma)

Infirmie asante kwa kuandika, lakini wacha niseme ya upande yetu siye bazazi. Siye hatuogopi ugonjwa peke yake, tunaogopa ile tenti. 2019 pale ilisikika Ebola imefika Goma, huku Katindo bantu balikuwa banasema ukienda lopitali na homa banakupima joto, bakiona imepanda banakutia mu ambilansi na hautarudia. Mu 2020 ikawa vile vile na Corona, eti ukikohoa tu banakuandika. Jirani yangu mutoto wake alishikwa na homa akamufungia mu nyumba, majani, parasetamoli, maombi, mpaka mutoto akaanza kupigwa na degedege njo bakakimbia naye usiku. Ilikuwa malaria ya kawaida kabisa! Mutoto alipona lakini mpaka leo hasikii vizuri. Sasa geti yenu munaipenda sana, lakini mzazi akiiona anarudia nyumbani na mutoto wake. Ile munaifikiriaka?

Infirmie_wa_Gadi

Mama Neema, umegusa penye kuuma. Pole kwa ule mtoto.

Hii woga si ya Katindo peke yake. Marekani, mwezi wa 4 mwaka 2020, watu waliokwenda urijansi walipungua kwa asilimia 42 ukilinganisha na mwaka uliotangulia, kutoka milioni 2.1 kwa wiki mpaka milioni 1.2. Wale waliobaki nyumbani hawakuwa wamepona, wengine walikuwa na moyo unauma, na stroki, na sukari iliyopanda. Na kwetu hapa, angalia surua. Wakati pesa yote na magari yote yanakimbia nyuma ya Ebola, surua mu Kongo ilipita wagonjwa 300,000 kati ya 2019 na 2020, ikaua zaidi ya watu 6,000, wengi watoto wadogo. Ebola yote ile ya Nord-Kivu na Ituri, mpaka inatangazwa imeisha 25 Juni 2020, iliua watu 2,287. Sisemi Ebola ilikuwa ndogo, mi nilikuwa ndani nikaogopa kama wengine. Nasema hospitali inayojibadilisha kwa ugonjwa mmoja tu inaweza kuua watu na magonjwa mengine bila kujua.

Kwa hiyo geti zuri lazima limrudishie mzazi moyo. Kwanza, kipimo cha malaria kifanyike pale pale nje, ile TDR ya tone la damu, dakika 15 ao 20 jibu limetoka, dawa inaanza hapo hapo, mzazi asikae anangojea bila kujua. (Ata hivyo mtu anaweza kuwa na malaria na Ebola pamoja, kwa hiyo yale maswali mengine hayaachwi.) Pili, mzazi asitenganishwe na mtoto bila kuelezwa. Mu Beni, mji wa Nord-Kivu, ALIMA, shirika la waganga wa misaada, walileta ile wanaita CUBE, chumba cha plastiki inayoangaza, mgonjwa yuko ndani, ndugu anakaa nje anamuona uso kwa uso, wanaongea, na daktari anaweza kumshika mgonjwa kupitia mikono ya plastiki iliyoshonwa kwenye ukuta bila kuvaa lile gwanda lote. Kabla ya hapo ndugu alikuwa anaona gari inaondoka tu, halafu anaitwa kuja kuzika. Ni nani hataogopa?

Na kuna kitu kingine walifanya Beni mwisho wa Novemba 2018, watu wengi wamesahau. Vituo vya afya vilikuwa vimejaa homa za malaria, watoto wanaletwa kwa malaria wanatoka na Ebola waliyoipata pale pale kwenye kituo. Wakaamua kupita nyumba kwa nyumba wanagawa dawa ya malaria na vyandarua, walilenga watu 450,000. Yaani walipunguza homa huko mtaani ili zisifike getini. Mi naona ile ni kazi ya urijansi ata kama haifanyikiwi ndani ya urijansi.

Motari_Birere (Goma)

Mi niko motari, nabeba bantu na pikipiki, Birere–Majengo–Ndosho. Ambilansi ya huu mji ni siye, mujue. Wa risasi ni siye, mama wa kuzaa ni siye, bagonjwa ba usiku ni siye. Sasa Infirmie, mu ile wakati ya Corona nilileta muzee moja gari ilimugonga, damu inatoka ku mguu inamwagika mpaka ku moto yangu, mulinzi wa ku geti ananiambia shuka kwanza, nawa mikono, muzee anawe mikono, weka barakoa. Muzee anazimia! Tulibishana pale mpaka infirmie moja akatoka mbio ndani. Kama njo geti munatetea, mi siwezi kuikubali.

Infirmie_wa_Gadi

Ndugu motari una haki, ile ilikuwa vibaya kabisa. Anayekufa sasa hivi hasimamishwi. Kupumua, damu, fahamu, hizo tatu njo zinaangaliwa mbele ya termoflashi na mbele ya yote. Anayetoka damu hivyo anaingizwa moja kwa moja, anayempokea anavaa glavu, barakoa, miwani na bluzi, anamchukua kama vile ni mtu anayeshukiwa, halafu yale maswali anaulizwa ndugu ao wewe motari uliyemleta. Shida inakuja pale wanaweka geti mikononi mwa mlinzi wa usalama, mtu hajafundishwa, ameambiwa tu "mtu asipite bila kunawa". Getini anakaa infirmie, tena mzoefu, yule anayeweza kuangalia mtu anashuka kwenye moto akajua huyu hafiki asubuhi. Hospitali nyingi zinafanya kinyume, wazoefu wanabaki ndani, mgeni wa stage (mwanafunzi) njo anawekwa nje kwenye baridi.

Na nyinyi bamotari mngetakiwa kufundishwa mlipuko ukianza tu, wa kwanza kabisa. Mnashika mgonjwa kifua kwa mgongo kuanzia Mugunga mpaka mjini, hakuna mtu anakaa karibu naye kuliko nyinyi.

Dokta_Nguba (Bukavu)

Naunga mkono, na nitaongeza ya upande wa Covid juu naona wengi wanaongelea Ebola tu. Ni magonjwa mawili tofauti na yanabadilisha urijansi kwa namna tofauti. Ebola inapita kwa maji ya mwili, damu, matapishi, kwa hiyo unajikinga hasa kwenye kushika. Covid inapita kwenye hewa, kwa hiyo mtu unaweza kunawa mikono mpaka ngozi itoke, kama madirisha yamefungwa juu ya baridi ya Bukavu umefanya kazi bure. Kitu cha kwanza tulichofanya 2020 ni kufungua madirisha na kutoa vitanda kwenye baraza. Wagonjwa walilalamika usiku, tukaleta mablanketi, madirisha yakabaki wazi.

Ya pili ni oksijeni, na hapo njo tuliteseka. Ebola inataka serum (maji ya kutia mwilini), dawa, uangalizi. Covid ilitaka oksijeni, nyingi, masaa yote. Mashine ndogo ya kuchuja oksijeni kutoka hewani inatoa lita 5 kwa dakika, kubwa inatoa 10, na mgonjwa aliyezidiwa anaweza kutaka 15 peke yake. Halafu ile mashine inataka umeme. Umeme ukikatika inanyamaza, unakimbilia chupa, chupa zenyewe zinahesabiwa. Kwa hiyo urijansi ilibidi ijifunze kugawa: kila anayeingia anawekewa kile kipimo cha kidole cha kuangalia oksijeni ya damu, aliye chini ya asilimia 90 anapewa oksijeni, anayefika 94 na anapumua vizuri tunampunguzia ili mwenzake apate. Tena ile Covid ilikuwa inadanganya, mtu anaongea, anacheza na simu, unamuwekea kidole unakuta 78. Bila kile kipimo getini ungemrudisha nyumbani.

Kulaza mtu kifudifudi ni kitu kingine tulichochukua kutoka reanimasyon (chumba cha mahututi) tukakileta urijansi. Hakiombi pesa. Mgonjwa mwenye fahamu unamwambia alalie tumbo, unamuwekea mto chini ya kifua, unakaa unaangalia namba inapanda polepole. Si kwa kila mtu, lakini wakati chupa zimebaki mbili ile ilikuwa inatupa muda. Halafu Juni 2020 Waingereza wakatoa majibu ya utafiti wa RECOVERY, deksametasoni, dawa ya zamani, ya bei ndogo, iko ata kwenye pharmacie za hapa: miligramu 6 kwa siku, mpaka siku 10, kwa wale wanaohitaji oksijeni tu. Kwa walio kwenye mashine ya kupumulia ilipunguza vifo kwa theluthi moja, kwa walio kwenye oksijeni ya kawaida kwa humusi moja. Kwa asiyehitaji oksijeni haikusaidia kitu. Sasa watu mtaani wakasikia nusu ya habari wakaanza kuimeza nyumbani na homa tu, wenye sukari wakaletwa kwetu sukari imepanda vibaya sana. Ile nayo ikawa kazi mpya ya urijansi.

Mwisho niongelee wafanyakazi. Kwenye Ebola ya 2018 mpaka 2020 waganga na wainfirmie zaidi ya 160 waliambukizwa. Wengi wanadhani mtu anaambukizwa wakati anashika mgonjwa tu. Wakati wa kuvua nao ni hatari sana. Umekaa ndani ya lile gwanda karibu saa nzima, jasho limejaa kwenye buti, miwani imefunga ukungu, unachotaka ni kulitoa tu. Hapo njo lazima mwenzako asimame mbele yako anakusomea, hatua moja, unanawa glavu na klori, hatua nyingine, unanawa tena, miwani unaitoa kwa kushika mpira wa nyuma na macho umefunga, hakuna kukimbia. Urijansi yenye watu wachache inaruka hiyo hatua ya mwenzako, juu mwenzako yuko anashona jeraha. Kwa hiyo ukiniuliza mlipuko ukija niongeze nini, nitasema watu kabla ya vitanda.

Lushois_wa_Katuba (Lubumbashi)

Ndugu zangu ba Kivu, nawasoma na heshima, lakini niulize swali ya makuta (pesa). Huku L'shi Ebola hatukuiona, Covid tuliiona, tena bantu mingi balisema ni ugonjwa ya ba patron ba Kinshasa. Tenti zilikuja, zikaenda. Munasema geti ikae miaka yote. Nani atalipa? Serikali hailipi ata mshahara ya muganga kila mwezi. Ma-ONG (mashirika ya misaada) bakienda banaenda na vitu vyabo. Mbele ya kuongea geti, mgonjwa wa urijansi huku anaombwa kosyo, makuta ya kulipa mbele, kwanza njo aguswe. Ile njo geti ya kwanza, geti ya makuta. Mlipuko ao hapana mlipuko.

Mzee_Mabanga (Goma)

Vijana, mimi nilikuwa hapa Julai 1994. Wakimbizi walipovuka kutoka Rwanda, Goma ilijaa mpaka barabara haikuonekana, wakapelekwa Kibumba, Katale, Mugunga. Kipindupindu kikaingia. Mwezi ule wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Chini ni mawe ya volkano, choo hakichimbiki, ata kaburi halichimbiki. Nilikuwa nabeba maji na watu wa misaada, si muganga, lakini macho ninayo. Siku za mwanzo watu walikuwa wanafia kwenye foleni ya kungojea kuandikwa. Halafu wakabadilisha: hakuna kuandikwa kwanza. Anayeweza kumeza anapewa serum ya kunywa pale pale kwenye foleni, na sisi tusio waganga njo tuliokuwa tunanywesha, kikombe kwa kikombe. Sindano wakawekewa wale waliolegea wasioweza kumeza. Kwa hiyo nikisikia mnabishana geti la kuuliza maswali na geti la pesa, mimi nauliza tu, pale kwenye geti mgonjwa anapewa nini mkononi? Kama anaulizwa tu na hapewi kitu, ataondoka.

Na 2021 nayo msiisahau. Covid iko, halafu 22 Mei volkano ya Nyiragongo inatema moto mpaka Buhene, 27 Mei tunaambiwa tuhame. Watu wengi wa mji wakaenda Sake, Rutshuru, Gisenyi, watu wamelala kwenye makanisa na shule, mgongo kwa mgongo. Hapo geti la hospitali ya Goma lilikuwa la kulinda nani? Waganga waliofuata watu Sake na ndoo za maji na masanduku ya dawa ndio waliofanya urijansi.

Infirmie_wa_Gadi

Mzee, asante sana. Ile ya kunywesha kwenye foleni nitaipeleka kwenye mkutano wetu wa asubuhi vile vile ulivyoiandika.

Lushois, swali lako ni la haki, nijibu kwa hesabu. Klori ya unga ile ya asilimia 70, unatia karibu gramu 7 kwa lita 10 za maji unapata ya mikono, gramu 7 kwa lita 1 unapata ya sakafu na matapishi. Boksi moja inakaa muda mrefu. Paa la mabati na nguzo ni mara moja. Maji, ndiyo, Goma maji ni shida, yanabebwa na bidoni, yanalipiwa. Kipimo cha kidole na termoflashi vilishabaki kutoka Covid, viko depo vinakula vumbi. Kilicho ghali ni mtu, infirmie mmoja wa getini mchana na mmoja usiku, na hao wako, ni suala la nani anapangwa wapi. Tenti za ONG zilikuwa ghali juu zilikuja na magari na perdiem na jenereta. Geti lenyewe halikuwa ghali.

Ya kosyo nakubaliana na wewe bila kupunguza neno. Mu ile Ebola ya Beni serikali na wafadhili walitangaza matibabu ni bure kwenye maeneo ya ugonjwa, na watu walijaa mahospitali kuliko mbele. Kazi iliongezeka, ndiyo, tulichoka, lakini wenye homa walionekana mapema. Ugonjwa unaotembea kimya mtaani juu mtu hana makuta ya kosyo hauzuiliki na termoflashi. Kama hawawezi kufanya bure yote, wafanye bure saa ya kwanza: kupimwa getini, TDR, oksijeni, kuzuia damu. Bili ije nyuma, mtu akiwa anapumua.

Na kuna kitu hakinunuliwi. 19 Aprili 2019, Dokta Richard Mouzoko wa OMS, Mkameruni, aliuawa na watu wenye silaha ndani ya hospitali ya chuo kikuu Butembo, akiwa na wenzake kwenye kikao. Vituo vilichomwa. Watu walikuwa wanauliza kwa nini mnatuletea magari mapya kwa Ebola, na kwa miaka tunauawa na vita na malaria hakuna aliyekuja? Geti linaloonekana siku ya mlipuko tu linajibu lile swali vibaya. Linasema: tunawalinda nyinyi mkiwa hatari kwa dunia. Likikaa pale siku zote, likimpokea mwenye kuhara na mwenye surua na aliyegongwa na gari, siku Ebola ikija halitakuwa kitu kigeni, mama atakuwa analijua, atakuwa ameshapata TDR pale mara nyingi.

Mpox, ule ugonjwa wa vipele, imetuonyesha tena. Agosti 2024 OMS inatangaza dharura, kambi za wakimbizi kuzunguka Goma zimejaa, Munigi inapokea wagonjwa wa mpox, wengi ni watoto, tunapandisha tenti upya, tunafundisha watu upya, rangi za chini zilikuwa zimefutika tunachora upya. Halafu mwisho wa Januari 2025 vita inaingia mjini, majeruhi wanalala mpaka kwenye parking, na wagonjwa wa mpox wanakimbia vituo na madonda yao wanarudi katikati ya watu. Siku zile tungekuwa na njia mbili ambazo kila infirmie anazijua ata gizani, tungetenganisha mwenye vipele na mwenye risasi bila kufikiri. Tulifanya tulivyoweza. Mpox kama dharura ya dunia imetangazwa imeisha Septemba 2025, na hiyo njo sababu naona tenti inashuka leo. Ugonjwa wenyewe uko bado.

Dokta_Nguba

Hapo kwenye vita na mlipuko kwa pamoja, naomba watu wasome vizuri. Kanuni ya urijansi ya kawaida ni aliyezidiwa zaidi anaenda kwanza. Ya mlipuko inaongeza swali la pili: je, huyu anaweza kumwambukiza mwingine? Hayo maswali mawili yanajibiwa tofauti. Mtu anaweza kuwa mzima anatembea na akawa hatari kwa wote, mwingine anakufa na si hatari kwa yeyote. Ukichanganya hayo maswali kuwa moja unapata yale ya motari na mzee wa gari.

MamaNeema_Katindo

Nimesoma yote. Sasa niambieni kitu moja ya kushika mukononi. Mutoto akiwa na homa usiku, na kuna mlipuko mu mji, nifanye nini? Nisingoje mpaka lini?

Infirmie_wa_Gadi

Mama, usingoje asubuhi kama mtoto hawezi kunyonya ao kunywa, anatapika kila kitu, amepigwa na degedege, amelegea haamki vizuri, anapumua mbio ao mbavu zinaingia ndani, ao kuna damu inatoka popote. Kwa mtoto mdogo wa miezi chini ya miwili, homa peke yake inatosha, unakuja. Kama hana hata moja kati ya hizo, mnyweshe, umpe parasetamoli ya uzito wake, na kukicha tu umlete apimwe malaria, usimalize siku nyingine na majani.

Ukifika getini sema wewe mwenyewe kabla hujaulizwa: homa imeanza siku fulani, tulikuwa kijiji fulani, kuna ao hakuna mgonjwa nyumbani, kuna ao hakuna mtu tuliyemzika. Usifiche, juu ukificha njo unawekwa mahali pabaya, na mtoto wako anaweza kulazwa karibu na mwenye ugonjwa ambao yeye hana. Njoo na mtu mmoja wa kukusaidia, wengine wabaki nyumbani. Uliza jina la infirmie anayemchukua mtoto, na uulize anapelekwa wapi, una haki ya kuonyeshwa ule mlango. Na kama mtu wa getini anakuambia nawa kwanza wakati mtoto yuko kwenye degedege, wewe pita naye ingia ndani, ita kwa sauti, tutakuja.